Jibu Lililofanana na Salamu

Harufu ya pamba mbichi ndani ya chumba cha kulala haisahauliki. Watu wengi wa mjini wanadhani pamba haina harufu, kwa sababu wanaijua ikiwa imekwisha kuwa shuka au ya kufutia kidonda. Pamba iliyotoka shambani na mbegu zake inanuka vumbi, inanuka mafuta ya mbegu, na kwa mbali inanuka ile dawa tuliyoipulizia miezi kadhaa nyuma tukidhani mvua imekwisha kuisafisha. Kwetu Ngulyati, nje kidogo ya mji wa Bariadi, msimu wa mavuno ulipofika chumba chetu, mimi na mdogo wangu Limi, kiligeuzwa ghala. Pamba ilirundikwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha ikisubiri gulio lifunguliwe, nasi tukalala juu yake. Ni laini kuliko godoro lolote nililolilalia tangu hapo, ila inawasha, na asubuhi tuliamka na nyuzi kwenye nywele, mama akatuchambua mmoja mmoja kabla hatujanawa uso. Nikipita leo karibu na ghala la pamba mwezi wa sita, harufu ile inanirudisha kwenye msimu mmoja tu, na si msimu ninaoupenda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Limi alikuwa na sita, na niliharibu jambo ambalo mpaka leo sijui nilitengeneze vipi.

Limi alikuwa mtoto wa kusifiwa. Hakulia hovyo, hakudandia magauni ya wageni, hakuomba kitu. Ukimkalisha kwenye mkeka na rundo la pamba alikuwa akichambua kutwa nzima, pamba safi kulia, pamba fifi kushoto. Fifi ni ile iliyochafuka au kuliwa na wadudu, ambayo mnunuzi akiikuta ndani ya gunia anaweza kulikataa gunia zima. Watu wazima walipitiwa, walipiga soga huku wakichambua na fifi zikapenya. Limi hakupitiwa. Aliinua kila kitumba cha pamba hadi karibu na jicho, akakigeuza, akaamua. Majirani walikuja kumtazama, wakasema mtoto huyu ana akili ya kiutu uzima. Na zaidi ya pamba walimsifia salamu. Sisi Wasukuma hatuna haraka na salamu. Ukiamkiwa asubuhi "mwangaluka", nawe unajibu "mwangaluka". Mchana ni "mwadila" kwa "mwadila". Ukiulizwa "mhola?", yaani ni salama, jibu lako ni lile lile, "mhola". Limi hakukosea hata siku moja. Bibi kizee wa jirani alipita na kuni zake kichwani, akasema "mwangaluka, mayu", yaani mama, na Limi bila kuinua macho kutoka kwenye pamba akasema "mwangaluka, mayu". Mama alipewa hongera kwa malezi. Nami nilijiona, maana ndiye niliyembeba mgongoni tangu alipoacha kunyonya, na sifa zake nilizihesabu kuwa zangu.

Mambo yaliharibika alipoanza chekechea, kwa sababu chekechea ilikuwa ya Kiswahili. Mwalimu wake, binti mpole aliyetoka mkoa mwingine na aliyekuwa bado anajifunza kutembea kwenye udongo wetu mweusi bila kuacha kiatu, aliingia darasani siku ya kwanza akasema, "Hamjambo watoto?" Watoto wote wakaimba, "Hatujambo, shikamoo mwalimu." Limi akasema, "Hamjambo watoto." Darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Akiulizwa "umekula?" alisema "umekula". Akiambiwa "kaa chini, Limi", alisema "kaa chini, Limi", akabaki amesimama. Mwalimu msaidizi, mama wa makamo asiyependa mchezo, aliona anadhihakiwa na mtoto wa miaka sita, akamchapa viganjani. Yaani kwa Kisukuma mdogo wangu alikuwa na adabu na kwa Kiswahili alikuwa mjeuri, ingawa katika lugha zote mbili alikuwa anafanya jambo moja tu, kurudisha alichopewa. Ni yule mwalimu mgeni peke yake aliyeliona hilo. Kwa kuwa hakujua Kisukuma, hakuwa amedanganywa na salamu zetu. Alikuja nyumbani jioni moja akakataa kukaa, akasema na mama huku mimi nikitafsiri: "Mama, mtoto wako hana ujeuri. Hajibu, anarudia. Mpelekeni akapimwe mapema, wapo wataalamu."

Mama alizaliwa upande wa Meatu, vijiji vya mbele ya Mwanhuzi, kwa watu wa ng'ombe, na hakusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni na kanisani, hivyo ndivyo tulivyojua sote. Yeye alisema Kisukuma, ukimsemesha Kiswahili aliitikia kwa kichwa, kisha akanigeukia mimi nimfafanulie. Nilikuwa mdomo wake kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa bwana shamba na kwa walimu wangu mwenyewe, jambo ambalo lilinifaa sana siku za kupokea ripoti. Siku ile mwalimu alipoondoka mama alisahau jiko hadi ugali ukaungua. Halafu akaniambia kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu zamani. Limi alikuwa hamwiti. Mtoto wa miaka sita hajawahi kusema "mayu" akimtaka yeye, alisema tu akiambiwa. Akitaka maji alimshika mama mkono akamkokota hadi kwenye mtungi, akautupa ule mkono juu ya kata kama vile mkono ni kijiko. Baba alisema tunatafuta ugonjwa mahali ambapo hapana, kwani baba yake mdogo naye alichelewa kusema na baadaye akawa mzee wa kanisa. Mama hakubishana. Kesho yake alijifunga khanga, akaenda hospitali ya Somanda, pale mjini Bariadi, kwa bodaboda, akarudi na kadi ndogo ya rangi ya waridi. Wataalamu wa watoto wa namna hiyo hawakuwapo kwetu. Wangekuja kutoka mbali kwa siku mbili tu, wiki tano baadaye, kwenye kituo kimoja cha afya pale mjini. Mama aliiweka kadi ndani ya Biblia ambayo hakuweza kuisoma.

Sasa niseme nilivyolielewa neno lile, kupimwa. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona kitu kimoja kikipimwa mara nyingi, nacho ni pamba. Pamba hupelekwa gulioni, karani akaifungua, akatia mkono hadi chini ya gunia, akatoa fumba moja na kulitazama juani. Ikiwa safi inapanda kwenye mizani. Ikiwa fifi inatolewa pembeni, na mwenye nayo anasimama mbele za watu bila kujua atazame wapi. Niliwahi kumwona baba akisimama hivyo. Basi niliposikia Limi atapimwa, nilimwona na yeye akifunguliwa na kutiwa mkono hadi chini. Na kama hiyo haikutosha, akaja shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na duka la vitenge Somanda na kila habari ya mjini ilipita dukani kwake kwanza. Alikaa kwenye kigoda akasema, kwa sauti ile ya mtu anayekupa siri ili uisambaze, "Mwangalie sana. Wakimkuta na hayo mambo wanaandika barua, mtoto anapelekwa bweni, mkoa wa mbali huko. Kuna mwenzenu mmoja mwanawe alichukuliwa, mwaka wa tatu huu hajarudi." Sijui habari ile aliitoa wapi wala kama aliitia chumvi. Najua kwamba sikuweza kula. Nani huko bwenini angejua kwamba Limi hali mlenda ukigusana na ugali? Nani angejua kumziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa? Nilimpenda mdogo wangu kwa wivu, kama mtu apendavyo kitu alichopewa yeye peke yake, na nikaapa hawatampata.

Nilikuwa na wiki tano. Kila siku baada ya shule nilifunga mlango wa chumba chetu cha pamba, tukapanda juu ya rundo, nikaanza kumfundisha Limi. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo wataalamu, kama ningewaambia, wangelishukuru sana: ukimwambia Limi neno moja mara nyingi huku umemfanyia kitu kimoja mwilini, baadaye ukimfanyia kile kitu neno linatoka lenyewe. Nikambonyeza katikati ya kiganja nikasema, "Naitwa Limi." Akasema, "Naitwa Limi." Tena, na tena, na tena, hadi siku ya nne nikabonyeza kiganja bila kusema na yeye akasema, "Naitwa Limi," akiwa anatazama dirishani. Niliruka kwa furaha mpaka pamba ikatumwagikia. Nikamvuta kidole gumba, "Nina miaka sita." Nikamgusa kifundo cha mkono, "Sijambo." Maneno matatu kwa wiki tano. Alichoka, alilia, alijipiga kichwa ukutani mara mbili, nami sikuacha. Mama akauliza kwa nini mtoto ana alama kwenye paji la uso, nikasema ameanguka. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika habari hii, na ulitoka bila taabu yoyote.

Siku ya siku ilipofika mama alituvalisha magauni ya Krismasi. Kituo kilijaa kina mama, kila mmoja na mtoto wake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba Limi hakuwa peke yake duniani. Kulikuwa na mvulana asiyetulia aliyekimbia kuzunguka nguzo ya jengo bila kuchoka, mama yake amekwisha kukata tamaa ya kumwita. Kulikuwa na msichana mkubwa kuliko mimi aliyebebwa mgongoni. Kina mama hawakusemezana. Kila mmoja alimfunika wake kwa khanga, kana kwamba wengine walikuja kwa sababu nyingine. Nilikasirika nao wote, nikajisemea moyoni kwamba sisi hatumo kundi hili, tumekuja kwa makosa na baada ya saa moja tutarudi kwetu. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likafika utosini. Limi alichomoa nyuzi za pindo la gauni lake moja moja, akazipanga kwenye paja kwa urefu.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana mwenye Kiswahili cha redioni. Tulimwita daktari, akasema hapana, yeye ni mtaalamu wa lugha na mazungumzo, lakini tuliendelea kumwita daktari na akatuacha. Chumba kilikuwa na mkeka, kikapu cha wanasesere, na meza ndogo yenye fomu ndefu. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria Kisukuma alikuwa ameitwa kwenye chanjo, basi akanitazama mimi. "Wewe ni dada yake? Unaweza kunisaidia kwa mama?" Nikasema naweza. Mama akaniambia kwa Kisukuma, polepole, "Mwambie kila kitu nitakachosema, ng'wanone, mwanangu, usipunguze." Nikamwambia sawa.

Daktari aliuliza kama mtoto akitaka kitu anaonyesha kwa kidole au anaomba. Mama akaeleza habari ya mkono na mtungi, akaieleza vizuri, hata akanishika mkono wangu kuonyesha. Nikasema, "Mama anasema akitaka maji anaomba." Daktari akauliza kama anacheza na wenzake. Mama akasema hajawahi kumwona akicheza na mtu. Nikasema, "Anacheza na mimi." Akauliza kama sauti kubwa zinamsumbua. Mama akasimulia siku ya mashine ya kusaga, Limi alivyojitupa chini barabarani hadi bodaboda ikakwepa kwa bahati. Nikasema, "Anaogopa kidogo, kama watoto wengine." Mama alikuwa anatazama mkeka. Mkono wake ulikuwa umekunja ncha ya khanga, anaikunja na kuikunjua. Nikajisemea, maskini mama, hajui. Nilimhurumia kweli, na huruma ile haikunizuia kuendelea.

Kisha daktari akashuka mkekani. Alimpa Limi vijiti vya rangi, na kabla hajaeleza la kufanya Limi alikuwa amevitenga vyote, nyekundu, njano, kijani, safu zimenyooka. Daktari akatabasamu, akaandika. Akatoa mwanasesere na kikombe. "Mpe mtoto chai, Limi. Mtoto ana kiu." Limi akamgeuza mwanasesere kifudifudi, akatafuta mshono uliofumuka, akaanza kuvuta pamba ya ndani na kuitazama karibu na jicho. Nikacheka kwa sauti. "Kwetu hatuna wanasesere, daktari. Anachambua. Nyumbani anachambua pamba kila siku." Kila neno lilikuwa la kweli, na daktari naye akacheka, akatikisa kichwa, akafuta kitu alichokuwa ameandika. Nikambonyeza Limi kiganja. "Naitwa Limi," akasema. Nikamvuta gumba. "Nina miaka sita." Daktari hakuona mikono yetu, alikuwa anaandika. Halafu akainua uso ghafla, akamsogelea Limi kabla sijamgusa kifundo, akasema kwa upole sana, "Hujambo, Limi?"

"Hujambo, Limi," akasema Limi.

Kalamu ikasimama. Daktari alimtazama mdogo wangu kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Kwa dakika ile moja mtu alikuwa amemwona Limi. Nami nikasema, haraka, kwa Kiswahili kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa nacho, "Ni salamu ya kwetu, daktari. Kisukuma, ukisalimiwa unajibu neno lile lile. Mwangaluka, mwangaluka. Anakuheshimu." Daktari akamgeukia mama. "Ni kweli, mama? Mnajibu hivyo?" Mama hakunisubiri nitafsiri. Aliinua uso akasema kwa Kiswahili, neno lake la pekee siku ile, "Kweli." Na ilikuwa kweli. Nenda kijiji chochote cha mkoa wetu wa Simiyu asubuhi utaisikia. Daktari akavuta pumzi, akasema kila siku anajifunza jambo, na kwamba ni makosa kumpima mtoto bila kujua desturi za kwao. Alikuwa mtu mwema, tena mnyenyekevu, na unyenyekevu wake ndio nilioutumia.

Karatasi waliyotupa ilisema mtoto ana aibu, anajifunza lugha mbili kwa pamoja, aanze darasa la kwanza na arudishwe baada ya mwaka kama hakutakuwa na mabadiliko. Niliisoma kwa sauti njia nzima. Mama alitununulia soda, akanywa yake taratibu. Baba alisema, "Si niliwaambia?" Shangazi alisema tumeponea chupuchupu. Nilimlaza Limi juu ya pamba mchana ule nikamwambia hakuna mtu atakayemchukua, naye akasema hakuna mtu atakayemchukua, akalala. Sijawahi kujisikia shujaa kama siku ile, na ninaichukia furaha ile kuliko uongo wenyewe.

Mwaka uliofuata wataalamu hawakuja. Uliofuata walikuja, lakini ilikuwa siku ya mazishi ya babu, na karatasi ilikwisha kusema ni aibu tu, basi nani angeacha mazishi kwa sababu ya aibu? Limi aliingia darasa la kwanza na watoto sabini na kitu. Mwalimu akiuliza "nani anapiga kelele?" yeye alirudia "nani anapiga kelele?" na darasa likacheka, naye akachapwa kwa kiburi. Yule mwalimu mpole wa chekechea alikuwa amehamishwa. Darasa la pili alirudia mara mbili. Darasa la tatu alianza kujiuma mikono. Siku moja alitoka shuleni akatembea na barabara ya Mwanhuzi hadi mtu wa ng'ombe alipomkuta ameketi kando ya dimbwi, anapanga kokoto. Yule bwana alimuuliza "wewe wa nani?" naye akasema "wewe wa nani?", wakashinda hivyo hadi jioni. Baada ya hapo baba alimwondoa shule. Wakati mwingine, mama akienda shamba, mlango ulifungwa kwa nje. Nilikuwa sekondari ya bweni wakati huo. Ndiyo, bweni. Mimi ndiye niliyekwenda.

Limi alipofikisha miaka kumi na sita tulimpeleka hospitali Mwanza, mimi ndiye niliyeshikilia apelekwe. Huko walimkalisha siku mbili, wakazungumza na mama kupitia mtu wao anayejua Kisukuma, wala hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa nje na mkoba wa chakula. Walipotuita wote walitupa neno lenyewe, usonji, wakatueleza kwa subira kwamba kurudia maneno kwa baadhi ya watoto hawa ndiyo njia yao ya kuifikia lugha. Ukiijua mapema unaweza kumsogelea kupitia hapo hapo, neno kwa neno, ukambadilishia jibu kidogo kidogo. Nilikumbuka kiganja, gumba na kifundo cha mkono. Nilikuwa nimeipapasa njia yenyewe juu ya rundo la pamba, nikaitumia kumficha. Yule bwana aliyetueleza alisema, bila lawama, "Ingefaa sana kama mngemleta akiwa mdogo." Mtu wao akatafsiri. Mama akajibu, "Tulimleta."

Leo nina kibanda cha fotokopi Somanda, karibu na hospitali. Kina mama huniletea barua za rufaa nitoe nakala, na ninaona neno usonji limeandikwa waziwazi, na mengine kama hayo, mtoto asiyetulia, mtoto aliyechelewa kusema. Wengine wanaingia na watoto wenyewe, hawawafuniki kwa khanga. Wanaulizana hapo hapo kwenye foleni yangu, wako amefikia wapi, wangu ameanza kuonyesha kwa kidole. Redio inasema, walimu wanasema. Bado ni mbali na bado ni kungoja, lakini njia ipo na watu wanaijua. Ninawatolea nakala, ninabana pini, ninawatakia safari njema. Mara nyingine mama anakuja na dada mkubwa wa kumtafsiria, binti wa miaka kumi au kumi na mmoja, mwenye kujiamini, na mimi hushikwa na hofu, nikatoa nakala nyingi kuliko walizoomba. Ninataka kumwambia, sema alivyosema mama, usipunguze. Sijawahi kumwambia hata mmoja.

Msimu uliopita nilikwenda nyumbani kusaidia kuchambua. Pamba sasa hairundikwi chumbani, baba alijenga ghala, lakini harufu ni ile ile. Tulikaa watatu mkekani, mchana, mama upande huu, Limi upande ule. Limi ni mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi, mikono yake ina makovu ya meno yake mwenyewe, na bado hakuna fifi inayompita. Asubuhi nilimwambia mwangaluka, akasema mwangaluka, na kama kila siku sikujua kama nimesalimiwa. Nilikuwa nimepiga moyo konde tangu Bariadi. Nikamwambia mama yote. Nikasema siku ile kituoni sikutafsiri, nilidanganya, ya mtungi, ya mashine, ya salamu, nilimfundisha Limi majibu chumbani. Nikasema niliogopa watamchukua. Nilisema kwa Kisukuma, nikiwa nalia, na mama aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

Akaweka mikono mapajani. Alinijibu kwa Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake. "Kiswahili nilikisikia gulioni tangu msichana, Milembe. Nilielewa yote. Nami niliogopa."

Sikuweza kumtazama. Nikarudi kwenye rundo langu, na hapo Limi, bila kuinua macho kutoka kwenye pamba, akasema, "Nilielewa yote."

Mama alimgeukia, nami nikamgeukia. Alikuwa ameinua kitumba kimoja karibu na jicho, anakigeuza. Akakitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akakiweka kushoto, kwenye fifi.